Wavivu ni asilimia sita tu? Tunavyojihesabia mazoezi

Septemba 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha hesabu ya watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha, nchi kwa nchi, na Afrika Mashariki ikajikuta kileleni. Uganda ilishika nafasi ya kwanza: wasiofikia kiwango walikuwa asilimia 5.5 tu. Tanzania ilikuwa na asilimia 6.5. Kuwait, mkiani kabisa, ilikuwa na asilimia 67. Magazeti yakatangaza kwamba Waganda ndio wakakamavu kuliko watu wote duniani, mitandaoni tukapongezana, na mjadala ukaishia hapo. Kenya ilikwisha kuwa na jibu lake tangu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, ambao nao ulisema wasiofikia kiwango ni asilimia 6.5.

Asilimia yenye nukta ina namna ya kujitia uhakika. Unapoisoma unadhani kuna mtu alisimama mahali na mizani. Hakuna. Watafiti wale walikusanya matokeo ya tafiti 358 kutoka nchi 168, zenye wahojiwa milioni 1.9, na kilichofanyika katika tafiti hizo ni kuuliza: mtu ameulizwa anatumia muda gani kutembea, kubeba, kulima na kucheza, naye akajibu. Mwamba ngoma huvutia kwake, wahenga walishasema. Ila anayeishia kwenye methali hiyo, akasema tu kwamba watu wanadanganya, anaikosa sehemu nzito ya jambo lenyewe.

Tuanze na chombo. Tafiti nyingi za kwetu hutumia dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo kwa kifupi GPAQ, lililotengenezwa mwaka 2002 ndani ya mfumo wa STEPS wa kufuatilia visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza. Lina maswali 16. Linayagawa maisha katika mafungu matatu: kazi, ambamo zimo za nyumbani na za shambani, safari za kwenda mahali kwa miguu au baiskeli, na michezo au mazoezi ya wakati wa mapumziko. Mwishoni kuna swali moja la muda wa kukaa. Katika kila fungu mtu huulizwa ni siku ngapi katika wiki ya kawaida, na katika siku kama hiyo ni saa ngapi na dakika ngapi, akihesabu shughuli iliyodumu dakika 10 mfululizo au zaidi. Kazi na michezo hutenganishwa tena: ya nguvu, ile inayokufanya uheme sana, na ya wastani, inayokufanya uheme kidogo. Mdadisi huwa na kadi za picha ili mhojiwa aone mifano ya kila aina.

Majibu hayo hugeuzwa kuwa namba moja kwa kipimo cha nguvu inayotumiwa na mwili, kiitwacho MET. Kukaa kimya ni 1. Shughuli ya wastani hupewa 4, ya nguvu hupewa 8, kisha unazidisha kwa dakika za wiki nzima. Ukifika 600 umefaulu. Ukipungukiwa, unaingia katika zile asilimia sita. Mia sita ni sawa na dakika 150 za shughuli ya wastani, yaani nusu saa kwa siku tano.

Sasa chukua watu wawili. Wa kwanza ni mama mkulima, wa Kilosa au wa Kakamega, popote pale. Anasema analima kwa jembe la mkono saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 1,200, mara 8: amepata 9,600, mara kumi na sita ya kiwango. Tuseme amekisia mara mbili ya ukweli, kumbe ni saa mbili tu. Bado ana 4,800. Tuseme tena kwamba saa hizo mbili zilikuwa za wastani, hazikuwa za nguvu. Ana 2,400. Mshuku kwa kila neno alilotamka, bado humshushi chini ya 600.

Wa pili ni karani wa ofisi jijini Dar es Salaam. Anaenda kazini kwa daladala, anakaa mezani kutwa, anarudi. Anasema anatembea nusu saa siku tano za wiki. Dakika 150 mara 4 ni 600 kamili, amefaulu. Kama nusu saa ile kwa kweli ni dakika 20, ana 400, ameanguka. Mama alikosea kwa saa kumi katika wiki na hakuna kilichobadilika. Karani alikosea kwa dakika 50 na amehama kundi.

Hoja yangu yote imo katika hesabu hii ndogo. Kosa la kujihesabia haliwaangukii watu sawa. Katika nchi ambayo wengi wanaishi kwa jembe, ndoo na miguu, asilimia ya taifa inaweza kuwa karibu na kweli hata kama majibu yenyewe yamejaa chumvi, kwa sababu walio wengi wako mbali mno na mpaka. Lakini watu wanaokaribiana na mpaka, wa Kinondoni, wa Westlands, wa Kampala, wale ambao shinikizo la damu na kisukari vinawaandama, ndio ambao dodoso haliwezi kuwaona vizuri. Namba yetu inaaminika zaidi mahali ambapo haihitajiki, na inayumba pale pale tunapotaka kuitumia.

Kwamba inayumba tunajua kutoka kwa waliojaribu kuilinganisha na vifaa. Marekani, katika utafiti wa afya wa kitaifa wa 2003 na 2004, watu walivalishwa kiunoni kifaa kidogo kinachorekodi mtikisiko wa mwili. Kwa majibu ya mdomo, karibu asilimia 51 ya watu wazima walikuwa wanafikia kiwango. Kwa kifaa, hawakufika hata asilimia 5. Uingereza mwaka 2008 ilipata kitu kama hicho: asilimia 39 ya wanaume na 29 ya wanawake walisema wanatimiza, kifaa kikasema 6 na 4. Pengo la namna hiyo haliwezi kuitwa kosa la kawaida la sampuli.

Wengi wakishaona namba hizi hufunga kesi: kifaa ni hakimu, mdomo ni mwongo. Mimi nasita, na kwa sababu mbili.

Ya kwanza haisemwi mara nyingi. Kile kiwango cha dakika 150 kilitoka wapi? Kilitokana, kwa sehemu kubwa, na tafiti ndefu zilizofuatilia watu kwa miaka na kuona nani anaugua na nani anakufa mapema, na tafiti hizo zilipima mazoezi kwa kuuliza. Yaani mtu aliyesema anafanya dakika 150 ndiye aliyeonekana kupata nafuu. Huenda kwa saa ya kweli alifanya 60. Kwa hiyo dakika 150 ni dakika za dodoso. Ukichukua dakika za kifaa ukazipima kwa mpaka uliowekwa kwa dakika za mdomo, unachanganya sarafu mbili bila kubadilisha. Watu wa Marekani hawakuwa wazuri kama walivyosema, lakini pia pengo la 51 na 5 halioneshi ukubwa wa uongo wao. Linaonesha kwamba vyombo viwili vinahesabu vitu viwili.

Ya pili inatuhusu zaidi. Kifaa kilichofungwa kiunoni ni kipofu kwa mambo mengi tunayofanya. Mwanamke anayepanda mlima na ndoo ya lita 20 kichwani, kwa kifaa ni mtu anayetembea tu, tena polepole. Mtu anayetwanga kwenye kinu anatumia mikono na mgongo, kiuno kinatikisika kidogo. Mwendesha guta aliyepakia mahindi huonekana kama amekaa. Mvuvi hukivua kabla ya kuingia majini. Mipaka inayotenganisha mtikisiko wa wastani na wa nguvu iliwekwa kwa kuwatembeza na kuwakimbiza watu kwenye mashine, na ukibadilisha mpaka huo kidogo, asilimia nayo inaruka. Dodoso, pamoja na udhaifu wake wote, lina uwezo wa kumuuliza mama yule kama amebeba kitu.

Tena, si kweli kwamba mdomo huzidisha siku zote. Mapitio ya mwaka 2008 yaliyokusanya tafiti nyingi za kulinganisha njia hizi mbili yalikuta uhusiano, ambao 1 ni kwenda pamoja kabisa na 0 ni kutohusiana, kuanzia hasi 0.71 hadi chanya 0.96. Kwingine watu walizidisha, kwingine walipunguza. Wastani ulikuwa 0.37, ambao kwa lugha ya mtaani ni kusema wanafahamiana lakini si ndugu. Dodoso jingine maarufu, IPAQ, lilipojaribiwa katika nchi 12 na matokeo yake kutolewa mwaka 2003, lilionesha jambo linalofaa kukumbukwa: ukimuuliza mtu yule yule tena baada ya muda mfupi, majibu yanafanana sana, kama 0.8. Ukiyalinganisha na kifaa, yanashuka hadi kama 0.3. Mtu ana msimamo. Anachokosea leo atakikosea vilevile wiki ijayo.

Na GPAQ yenyewe? Ilijaribiwa katika nchi tisa, za Afrika zikiwa Ethiopia na Afrika Kusini. Uwiano wake na vifaa ulikuwa hafifu hadi wa kuridhisha kiasi.

Kwa nini watu wanakosea? Kuna kusahau, na kusahau kuna upendeleo wake. Mazoezi yenye ratiba, saa kumi na mbili asubuhi na kikundi cha jogging, yanahesabika kirahisi. Kutembea kwenda dukani, kurudi, kupanda ngazi, kumkimbilia mtoto, hakuna anayeweka daftari. Kisha kuna mfuko wa maswali wenyewe. Katika STEPS, kabla ya kufika kwenye shughuli za mwili, mhojiwa ameshaulizwa kuhusu sigara, pombe, matunda na mboga. Akifika hapo ameshajua mchezo: kuna majibu ya kumfurahisha mgeni na majibu ya kumhuzunisha. Mgeni mwenyewe amekuja na mashine ya presha na mizani, amevaa kama mtu wa hospitali, mara nyingi ameletwa na mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, katika wiki ya kawaida, shughuli zako zinakufanya uheme sana walau dakika kumi mfululizo?"

Mkwe yuko hapo, anapepeta mchele. Wajukuu wako mlangoni. Mama aseme haendi shamba siku hizi, kazi zote anafanya mkwe? Hapana. Atasema anaenda. Na baba mwenye nyumba aliye pembeni naye hatakubali kuandikwa kwamba hatoki jasho. Mambo haya hayahusu udanganyifu wa makusudi. Mtu anaeleza yeye ni nani, na swali lilimtaka aeleze dakika.

Wamarekani wawili, Philip Brenner na John DeLamater, walilionesha hilo kwa ustadi kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Walikuwa na kumbukumbu za kadi za kuingilia kumbi za mazoezi za chuo, hivyo ukweli ulikuwa mezani. Walioulizwa moja kwa moja wanaenda mara ngapi, walizidisha. Wengine waliombwa watume ujumbe wa simu siku nzima wakieleza wanafanya nini, bila kutajiwa mazoezi. Hao hawakuzidisha. Waliozidisha zaidi ni wale wanaojiona wanamichezo. Mtu anapoulizwa kuhusu mazoezi anajibu kwa niaba ya mtu anayetaka kuwa. Anapoulizwa alikuwa wapi saa tisa alasiri, anajibu alikuwa wapi.

Hapa pana hatari ambayo sijaona ikijadiliwa sana kwetu. Nimesema mtu hukosea kwa namna ile ile, na watetezi wa dodoso hushika hapo: kama kosa halibadiliki, basi mwelekeo wa miaka unaaminika hata kama kiwango hakiaminiki. Ni hoja nzuri kwa nchi ambako heshima ya mazoezi haijabadilika. Kwetu imebadilika mno. Miaka ishirini iliyopita mchakamchaka ulikuwa wa shule na wa jeshi. Mtu mzima aliyekimbia barabarani asubuhi aliulizwa kuna nini. Leo kila mtaa una klabu ya jogging yenye fulana zake, kila mkoa una marathoni yake, na picha za medali zimejaa kwenye hali za WhatsApp. Mazoezi yamekuwa alama ya maendeleo. Maana yake ni kwamba chumvi ya kwenye majibu inaongezeka kadiri kampeni zinavyofanikiwa, na inaongezeka kwa watu wale wale wa mijini walio karibu na mpaka. Serikali ikipima tena itaona ongezeko na kuliandika kama ushindi wa kampeni, na kampeni kweli itakuwa imefanya kazi: imewafundisha watu jibu.

Nitoe mfano mwingine, huu wa kuchekesha kidogo. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya mazoezi. Viongozi walitoka, wananchi walitoka, barabara zilijaa. GPAQ inauliza wiki ya kawaida. Siku moja kwa mwezi haimo katika wiki ya kawaida ya mtu yeyote. Kwa hiyo shughuli ambayo nchi nzima iliiona kwenye taarifa ya habari, chombo rasmi cha kupimia hakikuwa na mahali pa kuiandika, labda kwa mtu aliyejibu kwa moyo badala ya kalenda.

"Wiki ya kawaida" yenyewe ni kitendawili kwa mkulima. Ya masika au ya kiangazi? Wakati wa palizi anafika shambani kabla ya jua. Baada ya mavuno anaweza kukaa wiki tatu akitengeneza paa na kuhudhuria harusi. Utafiti ukipita wilayani wakati wa kulima utapata taifa la wanariadha, ukipita baada ya mavuno utapata kitu kingine. Pwani na Zanzibar ukiangukia Ramadhani utapata cha tatu. Wadadisi hupita kijiji mara moja, kwa ratiba ya bajeti na magari, na jibu la siku hiyo linakuwa la mwaka mzima.

Halafu kuna kuhema. Dodoso linataka mtu apime nguvu kwa pumzi yake. Kijana wa Iten aliyezoea milima atasema kubeba kuni ni kazi nyepesi, na kwake ni nyepesi. Karani wetu akipanda ghorofa tatu lifti ikiwa mbovu atasema ilikuwa ya nguvu, na kwake ilikuwa ya nguvu. Kisha wote wawili wanapewa namba moja ile ile, 8 au 4, kana kwamba pumzi zao zilitoka kiwanda kimoja. Na wanaosafisha takwimu hawana msaada mkubwa: kanuni za GPAQ humtupa nje anayedai zaidi ya saa 16 kwa siku katika fungu moja. Anayedai saa 15 za kulima anapita salama.

Wapo watakaosema tuachane na maswali, tuhesabu hatua kwa simu. Mwaka 2017 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa hatua za watu 717,527 wa nchi 111, zilizorekodiwa na simu zao. Ni kazi ya kuvutia. Lakini anayeingia kwenye hesabu hiyo ni mwenye simu janja yenye programu ya hatua, tena simu iwe mwilini. Mama wa ndoo simu yake iko kwenye kanga nyumbani, ikichajiwa kwa jirani, au haipo. Tungefuata njia hiyo peke yake, tungepata picha ya Masaki na kuiita Tanzania.

Pale vifaa vilipotumika kwa uangalifu katika ardhi yetu, vilileta mambo ambayo dodoso lisingeyatoa. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi walivalishwa vipimo vya mapigo ya moyo, na matokeo ya mwaka 2017 yakaonesha wastani wa kama dakika 135 za shughuli za wastani na za nguvu kwa siku. Kwa siku, wakati sisi tunagombania 150 kwa wiki. Watafiti walipowavalisha vifaa vya pajani, waligundua pia, katika ripoti ya mwaka 2020, kwamba hupumzika karibu saa 10 kwa siku, lakini sehemu ya mapumziko hayo wamechuchumaa au wamepiga magoti, misuli ikifanya kazi kidogo kidogo. Dodoso linauliza muda wa kukaa. Halina swali la kuchuchumaa. Na kabla ya hapo, mwaka 2012, timu ya Herman Pontzer ilipima nishati wanayotumia Wahadzabe kwa siku na kukuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, haitofautiani na ya watu wa Marekani na Ulaya. Kwa hiyo hata dakika zilizopimwa vizuri hazituambii moja kwa moja mwili unaunguza kiasi gani. Mtu anayesoma asilimia 6.5 na kuhitimisha kuhusu vitambi amevuka mito miwili bila daraja.

Kinachoniudhi zaidi katika mazungumzo ya asilimia hii ni kwamba inajumlisha jembe na mchezo kana kwamba ni kitu kimoja. Mafungu matatu ya GPAQ yakichapishwa kila moja peke yake, unaona mara moja kwamba ushindi wa Afrika Mashariki umetoka kwenye kazi na kwenye miguu ya kukosa nauli. Fungu la mapumziko ni dogo. Kipo pia kikundi cha wataalamu wanaodai kwamba jasho la kazini halilindi moyo kama jasho la mchezoni. Mapitio ya mwaka 2018 yalikuta wanaume wenye kazi nzito za mwili wakiwa na hatari ya kufa mapema kwa asilimia 18 zaidi ya wenye kazi nyepesi. Wengine wanapinga, wakisema huo ni umaskini unaoonekana kwa umbo la kazi. Mimi naelekea kwa hao wa pili, lakini hoja inabaki: taifa linalopongezwa kwa sababu wanawake wake wanatembea kilomita nyingi kufuata maji halipaswi kuogopa kwamba bomba likifika litashuka kwenye orodha. Litashuka. Ni vizuri lishuke kwa sababu hiyo, na ni vizuri tujue limeshuka kwa sababu ipi.

Lengo la dunia nalo lipo. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 hadi 2030 unazitaka nchi zipunguze wasioushughulisha mwili kwa asilimia 15 ya walivyokuwa. Kwa dunia nzima mambo yanakwenda kinyume: uchambuzi wa 2024 ulikadiria kwamba mwaka 2022 waliokuwa chini ya kiwango walikuwa asilimia 31.3, watu kama bilioni 1.8, kutoka asilimia 23.4 mwaka 2000. Kwa Tanzania, asilimia 15 ya 6.5 ni kama pointi moja: tushuke kutoka 6.5 hadi 5.5. Kwa chombo ambacho karani mmoja anahama kundi kwa kukisia dakika kumi za siku, pointi hiyo moja itapanda au kushuka kwa kubadilisha tu wadadisi, au mwezi. Kulifuatilia lengo hilo kwa asilimia ya jumla ni kupoteza fedha za utafiti.

Ningependa yafanyike mambo machache, na hakuna kati yake linalohitaji chombo kipya. Wizara zichapishe mafungu matatu kabla ya jumla, mjini na kijijini kando kando, wanawake na wanaume kando kando. Katika kila utafiti, watu mia kadhaa wapewe kifaa kwa wiki moja, wakiwemo wa kijijini, ili kosa la dodoso lijulikane kwa watu wetu badala ya kuazimwa kutoka Marekani. Yale masharti ya dakika 10 mfululizo yaachwe. Miongozo ya dunia ya 2020 yenyewe imekwisha yaondoa.

Na tuulize kuhusu jana. Tanzania ilikwisha kufanya hivyo bila kukusudia mazoezi: tafiti za nguvukazi za 2006 na 2014 zilikuwa na sehemu ya matumizi ya muda, mtu akieleza saa zake 24 moja baada ya nyingine. Kenya ilifanya utafiti wake wa matumizi ya muda mwaka 2021. Nia ilikuwa kuona kazi za nyumbani zisizolipwa, hasa za wanawake, na ndiyo maana mhojiwa hakuwa na sababu ya kujifanya mwanamichezo. Ndani ya madaftari hayo kuna kuteka maji, kutembea kwenda sokoni, kulima, kukaa, kulala, yote yakiwa na saa yake. Jana ya mtu mmoja haimwelezi mtu huyo, kwa sababu huenda jana alikuwa msibani. Lakini jana za maelfu ya watu, zikigawanywa sawasawa kwa siku saba na kwa misimu, zinaeleza mengi kuhusu mwili wa taifa, na mtu wa Kinondoni ataonekana humo bila kuulizwa kama anafanya mazoezi. Takwimu hizo zimekwisha lipiwa. Kinachosubiriwa ni wachumi wa kazi na watu wa afya kukaa meza moja na kuzifungua.